Injini ya Passo kwenye saketi: siku ya dereva wa ridhaa inavyokwenda

Injini ya Toyota iitwayo 1KR haina heshima kubwa gerejini. Ni silinda tatu, ujazo wake haufiki hata cc 1,000, na gari likisimama huku inawaka unaisikia mpaka kwenye usukani. Hapa Mbeya utaikuta kwenye Passo na Vitz, na fundi wa Mwanjelwa anaishusha na kuipandisha huku akipiga soga na jirani. Mteja akija kulalamika kwamba gari linamkatalia Mlima Nyoka akiwa na abiria wanne na gunia la viazi kwenye buti, anaambiwa ukweli tu: hilo ni gari la kwenda kazini na kurudi, mama, mlima litapanda kwa wakati wake.

Injini hiyohiyo, kule Uingereza, hushindanishwa saa 24 mfululizo. Imo ndani ya Citroën C1, gari lililokuwa likiundwa kiwanda kimoja na Toyota Aygo na Peugeot 107 huko Kolín, Jamhuri ya Czech, kuanzia 2005. Nguvu yake ni farasi 68. Wanaoliendesha si watu wa mishahara ya mbio. Ni walimu, mafundi umeme, wenye maduka, watu wenye kazi zao Jumatatu hadi Ijumaa, ambao Jumapili wanavaa ovaroli isiyoshika moto na kupanga foleni kwenye mstari wa kuanzia.

Hizo ndizo mbio za klabu, na ndizo ambazo vijana wengi wa huku huniuliza bila kujua wanauliza nini. Rally ikipita Iringa, wiki ile gereji hujaa maswali. "Shikamoo mzee, hivi mtu anaanzaje?" Simu iko mkononi, video inacheza, magari madogo ishirini yanabanana kwenye lami, na muulizaji anadhani ile ni rally iliyowekewa lami. Mchezo ni mwingine kabisa. Kinachowashangaza wengi nikiwaeleza ni kwamba kukanyaga mafuta ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Mbio hizi huamuliwa na vitu viwili: karatasi za kanuni, na kanyagio la katikati, yaani breki.

Mpinzani yupo ubavuni

Kwenye rally unashindana na saa. Gari linaachiwa peke yake, mwenzako amekwishatangulia dakika kadhaa, pembeni ameketi msoma barabara anayekuambia kona ijayo ikoje. Mwenye jumla ndogo ya muda ndiye mshindi, na anaweza kutwaa kombe bila kumtia machoni mpinzani wake siku nzima. Ukanda wetu umelelewa na mchezo huo. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mpaka leo ukimtajia mtu wa Nyanda za Juu Kusini mbio za magari, anachoona kichwani ni vumbi.

Kwenye saketi watu wote wanaachiwa kwa mara moja, kwenye mzunguko wa lami unaojirudia. Ule mzunguko mfupi wa Brands Hatch, Uingereza, haufiki kilomita mbili. Mwaga hapo magari ishirini na kitu, na kioo chako cha pembeni kinakaribia kugusa cha jirani kabla hamjafika kona ya kwanza. Hakuna msoma barabara. Kona ni zilezile na zimeshakaririwa. Kazi yote ni kuzipita vizuri zaidi ya aliye mbele yako, na wakati huohuo kumzuia aliye nyuma asikuchomekee.

Uingereza ilipata bahati ya ajabu katika mchezo huu. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, viwanja vingi vya ndege za kijeshi vilibaki bila kazi: Silverstone, Snetterton, Thruxton, Castle Combe. Lami ilikuwapo, barabara ya kuzungukia kiwanja ilikuwapo, na mtaani walijaa watu waliokuwa wamejifunza ufundi jeshini. Klabu nazo hazikuwa za matajiri peke yao. 750 Motor Club ilianzishwa 1939 na wapenzi wa Austin 7, kigari cha cc 747 kilichokuwa cha mtu wa kawaida kama Vitz ilivyo leo.

Karatasi kwanza

Ukiweka Passo na Mark II kwenye mstari mmoja, hakuna mashindano hapo, ni maandamano. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote lazima pawe na namna ya kuwafanya watu wasio sawa washindane kwa haki, na namna hizo ni mbili.

Ya kwanza ni madaraja kwa ujazo wa injini. Michuano ya Uingereza ya magari madogo ya kawaida ilipoanza 1958, magari ya ukubwa tofauti yalikimbia pamoja, lakini pointi zilitolewa ndani ya daraja. Jaguar ya lita 3.4 ingeweza kumaliza mbele kabisa, na bado mwenye Austin nyuma yake akavuna pointi zilezile kwa kuwa wa kwanza miongoni mwa wa saizi yake. Ndivyo ilivyotokea. Mwisho wa msimu Jack Sears wa Austin na Tommy Sopwith wa Jaguar walikuwa sare. Kulikuwa na wazo la kurusha sarafu, wenyewe wakalikataa. Zikaletwa Riley mbili zinazofanana, Brands Hatch, mizunguko mitano, kisha wakabadilishana magari na kukimbia mingine mitano, ili asitokee wa kusema la mwenzangu lilikuwa zima zaidi. Sears alishinda kwa jumla ya sekunde 1.6. Mimi naipenda hadithi hii kuliko za mabingwa wote waliokuja baadaye, kwa sababu ule utaratibu wa kubadilishana magari unamaliza ubishi ambao kijiweni ungechukua miaka.

Madaraja hayo ndiyo yaliyokifanya kigari kama Mini kutwaa ubingwa mbele ya magari makubwa. Mwaka 1962 bingwa alikuwa John Love, mtu wa Bulawayo, akiwa na Mini Cooper. Kwa hiyo anayesema mchezo huu haujawahi kuwa na mtu wa upande wetu wa dunia, amwangalie jirani huyo.

Namna ya pili ni kali zaidi, na ndiyo ya C1: gari la aina moja kwa wote. Injini moja, matairi ya aina moja, shokapu za aina moja. Kitabu cha kanuni hakiandiki tu yaliyokatazwa. Kwa kawaida husomwa hivi: kama haikuandikwa kwamba unaruhusiwa, basi huruhusiwi. Ukifikiria kusugua ndani ya manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, ili hewa ipite vizuri, jibu ni hapana. Ukitaka kupunguza uzito kwa kutoboa mabano ya viti, jibu ni hapana. Mara nyingi gari hupimwa likiwa na dereva ndani, na uzito wa chini umewekwa, hivyo mwembamba hapati faida juu ya mnene. Atafungiwa kipande cha chuma sakafuni kufidia. Sehemu nyeti za injini zinaweza kufungwa waya na lakiri, na lakiri ikikutwa imekatwa hakuna wa kusikiliza maelezo.

Fundi wa huku akisikia hivyo huuliza: sasa ufundi uko wapi? Uko kwenye kufunga vizuri kile ulichoruhusiwa. Upepo wa tairi, alaimenti, breki, na boliti zisizolegea.

Saa moja asubuhi

Siku ya mbio huanza kwa foleni. Dereva anaonyesha leseni ya mashindano, ambayo kule haipatikani kwa kuwa na leseni ya barabarani pekee. Kuna mtihani wa kuendesha na wa kuandika, na kwenye maswali ya bendera lazima upate yote. Ukikosa moja umefeli. Mgeni wa mchezo huwekewa nyuma ya gari kibandiko cha mraba wa njano wenye msalaba mweusi, wenzake wajue kwamba huyu bado anajifunza.

Halafu gari linapelekwa kwa wakaguzi. Hapa nikae kidogo, maana ukaguzi huu ni somo. Mkaguzi haanzii kwenye injini. Anashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, juu na chini, analitikisa. Akisikia mchezo kwenye beringi au tairodi, gari haliendi popote. Anavuta betri kwa nguvu aone kama imefungwa au imekalishwa tu. Anakanyaga mafuta na kuachia, aone kama waya unarudi wenyewe. Anatafuta kibandiko cha pembetatu ya buluu chenye radi nyekundu, kinachoonyesha ilipo swichi ya kukata umeme wote. Mtu wa nje lazima aifikie hata gari likiwa limelala ubavu. Anatafuta herufi E nyekundu, hapo ndipo panapovutwa mtungi wa kuzimia moto. Anatafuta ndoano za kuvutia mbele na nyuma, zilizopakwa rangi inayoonekana. Anasoma lebo za mikanda, kwa sababu mikanda ya mbio ina tarehe ya mwisho kama dawa, na ikipita hata mkanda uwe mpya wa kung'aa, haukubaliwi.

Ndani ya gari kuna kizimba cha mabomba ya chuma kinachozuia paa lisikunjike gari likibingirika. Dereva anavaa helmeti iliyounganishwa na kola ngumu mabegani. Kola hiyo, HANS, ilibuniwa miaka ya 1980 na Robert Hubbard, profesa wa Marekani, akishirikiana na dereva Jim Downing. Mkanda humshika mtu kiwiliwili tu. Gari likisimama ghafla ukutani kichwa kinaendelea na safari, shingo ndiyo inayolipa. Formula 1 iliifanya ya lazima 2003. Leo hata mwalimu wa shule anayekimbiza kigari cha farasi 68 anaivaa.

Baada ya hapo ni majaribio ya kupanga nafasi, kwa kawaida dakika 15. Unatakiwa kukamilisha angalau mizunguko mitatu, na muda wako bora ndio unaokupa nafasi kwenye mstari wa kuanzia. Kisha unasubiri. Unasubiri sana. Madaraja mengine yana zamu zao, na wewe unakaa kwenye kiti cha kukunja karibu na trela, unapima upepo wa tairi kwa mara ya nne. Mbio zenyewe za siku ya kawaida ya klabu ni dakika 15 au 20. Mtu aliyeamka alfajiri na kuvuta trela kilomita mia mbili atakuwa ameendesha, kwa siku nzima, kama dakika 35.

Kanyagio la katikati

Sasa tuingie kwenye mchezo wenyewe. Gari lenye nguvu ndogo halishindi kwenye mnyooko, maana kwenye mnyooko wote mmekanyaga mpaka chini na injini ni moja. Linashinda pale linapopunguza mwendo.

Nguvu iliyomo ndani ya gari linalokwenda, yaani nishati ya mwendo wake, haiongezeki sambamba na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Chukua gari la kilo 900 pamoja na dereva, linakwenda kilomita 140 kwa saa, linataka kuingia kona kwa 70. Mwendo umepungua nusu, lakini robo tatu ya ile nguvu lazima itoke, na inatoka kupitia pedi na diski ikiwa joto. Ukipiga hesabu ni kama kilojuli 510. Joto hilo linatosha kuchemsha birika la lita moja na nusu, tangu maji ya bombani mpaka yatokote, kwa kona moja. Na kona inayofuata iko mbele yako.

Wanaopita mteremko wa Kitonga wanalijua hili kwa harufu. Lori likishuka kwa kutegemea breki badala ya gia, pedi zinapita joto zinaloliweza, zinaanza kuteleza juu ya chuma, na dereva anakanyaga, kanyagio ni gumu lakini gari halipungui mwendo. Hilo ni tatizo la kwanza. La pili ni baya zaidi: mafuta ya breki yenyewe yanachemka. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana yanasukuma pedi. Mvuke unabanwa, kwa hiyo kanyagio linazama mpaka sakafuni na pedi hazijagusa kitu. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya lazima yavumilie angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Lakini yanavuta unyevu hewani, na yakishanyonya maji kiwango chake hushuka hadi nyuzi 155. Dereva wa klabu hubadilisha mafuta hayo kila mara. Huku kwetu nimefungua magari ambayo mafuta yake ya breki yamekuwa rangi ya chai ya rangi, na mwenye gari anashuka nayo Iwambi kila siku akiwa na amani kabisa.

Dereva mgeni wa saketi hukanyaga breki mapema na kwa woga, polepole, mpaka ndani ya kona. Aliyekomaa anachelewa, anakanyaga kwa nguvu zote mara moja gari likiwa limenyooka, kisha anaachia taratibu kadiri anavyozungusha usukani. Siri ni kwamba tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu. Ukiutumia wote kusimamisha, hakuna kilichobaki cha kukata kona. Ukiutaka kwa vyote viwili, pua inagoma, unazungusha usukani na gari linaendelea moja kwa moja kuelekea kwenye nyasi.

Kosa la pili la wageni ni kushtuka katikati ya kona na kuachia mafuta ghafla. Uzito unahamia mbele, magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi, mkia unachomoka. Gari la kuvuta kwa mbele likifanya hivyo, dawa yake inapingana na silika: ongeza mafuta kidogo, pua ivute gari linyooke. Anayekanyaga breki pale anageuka kuangalia alikotoka.

Na kona inaliwaje? Kwa kuinyoosha. Mwendo wa juu kwenye kona unategemea nusu kipenyo cha njia unayopita. Kwa matairi yenye mshiko mzuri, duara la nusu kipenyo cha mita 30 utalipita kwa kama kilomita 62 kwa saa. Anzia ukingo wa nje kabisa, gusa ukingo wa ndani katikati, toka tena mpaka ukingo wa nje, na njia ileile inakuwa ya mita 45: sasa unapita kwa 76. Hujaongeza hata farasi mmoja. Na kwa kuwa gari lako linakusanya mwendo kwa shida, zile kilomita 14 za ziada unatoka nazo kwenye mnyooko mzima unaofuata. Kwa mwenye injini kubwa kosa kwenye kona linasameheka, atakanyaga na kufidia. Mwenye 1KR atalilipa mpaka kona inayokuja, ndiyo maana madereva waliopitia magari dhaifu huwa na miguu safi.

Kuovateki nako kuna utaratibu wake. Gari la mbele linapasua hewa, la nyuma likijibana kwenye kivuli chake linapata njia rahisi; wa bodaboda wanaojificha nyuma ya fuso wanajua, ingawa barabarani ni kujitafutia kifo. Unakaa hapo mnyooko wote, unachomoka dakika ya mwisho, unakanyaga breki ubavuni mwake. Ukiwa umefika ubavuni ipasavyo kabla ya kona, lazima akuachie nafasi ya gari moja. Kama pua yako ndiyo kwanza inafikia gurudumu lake la nyuma, huna dai, huko ni kuchomekea, na ukimgonga wewe ndiye utakayeitwa na wasimamizi. Wala hakuna kutanua: ukitoka nje ya mipaka ya njia muda wako unaweza kufutwa, ukirudia unaweza kuongezewa sekunde.

Bendera ndizo zinazoongea na dereva, kwa sababu ndani ya helmeti na kelele zile hasikii kitu. Ya njano ikipeperushwa kuna hatari mbele, punguza na usimpite mtu. Zikiwa mbili, jiandae hata kusimama. Yenye mistari ya njano na nyekundu ni utelezi, mara nyingi mafuta ya aliyepasua injini. Ya buluu, kuna mwenye kasi zaidi anakuja nyuma yako kukupita, amekutangulia mzunguko mzima. Nyeusi yenye duara la chungwa ikiambatana na namba yako, gari lako lina hitilafu usiyoiona, pengine bampa linaburuta, rudi. Nyeusi tupu ni ya utovu wa nidhamu. Nyekundu, mbio zimesimamishwa. Anayezipeperusha kwa kawaida ni mtu wa kujitolea, amesimama kwenye mvua tangu asubuhi, na bila yeye hakuna gari linaloruhusiwa kuondoka.

Mbio zikiisha hazijaisha. Magari ya mbele yanaingizwa kwenye uzio ambao hakuna fundi wala shemeji anayeruhusiwa kugusa kitu. Yanapimwa uzito, lakiri zinakaguliwa. Kombe linaweza kuhama hapo, kwa kilo mbili pungufu.

Je, Passo ya Mbeya ingeweza?

Swali hili ndilo nililoulizwa mara nyingi kuliko yote, na jibu lina hewa ndani yake. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, Iringa imezidi kidogo 1,500. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya pwani. Injini isiyo na tabo huvuta ujazo uleule wa hewa, ila ndani yake oksijeni ni pungufu, hivyo mafuta yanayoweza kuungua ni pungufu pia. Farasi 68 wanabaki kama 58. Kumi wameachwa Dar es Salaam. Hakuna spea wala plagi ya bei mbaya itakayowarudisha. Tabo ndiyo inayoweza kufidia, kwa kuisukumia injini hewa kwa nguvu.

Kuna nafuu ndogo, hewa nyepesi pia inalizuia gari kwa nguvu pungufu kwenye mwendo mkubwa. Lakini hewa hiyohiyo ndiyo inayopoza diski na rejeta, na ikiwa nyepesi inapoza kwa uvivu. Maji yasiyobanwa hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana mfuniko wa rejeta uliolegea unaosamehewa Tanga unaua gasketi Uyole. Kama siku moja pangekuwa na saketi ya lami huku juu, ningesema kanuni zake zianze na breki na upoozaji, injini ibaki kama ilivyotoka Japani.

Bei ya gari lenyewe siyo inayowaumiza watu wa klabu. C1 yenyewe ni gari la bei ya chini. Kizimba, kiti, mikanda, mtungi na nguo za dereva vinaweza kuzidi bei ya gari. Halafu kuna vinavyoisha: matairi, pedi, mafuta, ada ya kila mashindano. Pesa hainunui nguvu kwa sababu kanuni zimeziba mlango huo, kwa hiyo inanunua mazoezi, na mwenye nafasi ya kufanya mazoezi kila mwezi bado atamshinda asiyekuwa nayo. Usawa wa karatasi una mwisho wake.

Kwa Tanzania, mwenye mamlaka ya michezo ya magari anayetambuliwa na FIA, shirikisho la kimataifa la magari, ni Chama cha Magari, AAT, na mlango uliopo ni rally. Saketi zenye historia ndefu kusini mwa Afrika, kama Kyalami iliyofunguliwa 1961 karibu na Johannesburg, ni safari. Kijana asiye na gari wala mfadhili anaanzia kwenye kujitolea: kusimamia kituo siku ya rally, kuandika muda, kuzuia watu na ng'ombe wasivuke, au kubeba jeki kwenye timu ya fundi anayemjua. Huko atajifunza redio, bendera, na namna gari linavyokaguliwa, bila kulipa ada.

Na akifikia kununua vifaa, helmeti isiwe ya mtumba. Ganda la nje linaweza kuwa zima kabisa huku povu la ndani limeshaminywa na ajali ya mtu mwingine, na povu hilo likishaminywa halirudi. Afunue kitambaa cha ndani asome lebo. Mkaguzi ataanza na hiyo.